Safari ya Kabambare: Ulimi Hauonji Sumu

 Wiki iliyopita mlikosa ukurasa wetu. Mtusamehe, tulikuwa njiani. Tulitoka Kasongo kwenda Kabambare kuwatembelea mama wenzetu wanaotengeneza unga wa uji, na leo tunawaletea tuliyoyaona huko.

Kwanza tuseme kwa nini tulikwenda, maana safari hii ilianza na aibu. Mwaka jana, mwisho wa masomo, watoto wetu walicheza mpira na shule nyingine. Sisi mama walimu tukasema, mwaka huu hatuwapi maji ya sukari, tutawapa uji wa nguvu. Tukachanganya mahindi, soja na karanga, tukasaga, tukapika sufuria kubwa. Uji ulikuwa mtamu sana. Watoto wakaunywa kabla ya kuingia uwanjani, wakaomba mwingine. Kipindi cha pili hakijafika katikati, wachezaji saba walikuwa wameshika tumbo wakikimbilia choo. Tulifungwa mabao manne. Watu wakacheka, lakini mama mmoja hakucheka. Alitujia na mwanawe mgongoni, akatuuliza: “Mama Mwalimu, mlichowapa watoto wetu, nani alikipima?”

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeonja tu.

Ndipo tukasikia kwamba Kabambare kuna kikundi cha mama ambao hawauzi hata kopo moja la unga kabla halijapita mezani kwao, na kwamba mama wa vijiji vingine sasa wanaleta unga wao upimwe. Tukasema twende tujifunze.

Tulikuwa watatu, walimu wawili na mama mshonaji anayetunza sanduku la chama chetu. Tulipanda piki-piki mbili asubuhi na mapema, pamoja na mizigo na kuku mmoja wa zawadi. Barabara ya Kasongo na Kabambare mnaijua. Wakati wa mvua, matope mekundu yanashika gurudumu kama mkono wa mdeni. Kwenye madaraja ya miti tulishuka, tukavuka kwa miguu, vijana wakasukuma. Mama mshonaji alisoma dua zote anazozijua, akaziongeza na nyingine alizozitunga papo hapo.

Njia hii ni ya zamani. Zamani za misafara, watu walitoka Ujiji, wakavuka ziwa Tanganyika, wakapita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe kutafuta pembe. Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo. Mwingereza Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu. Yeye aliandika jina la mahali hapo Bambarre. Kwa njia hiyo lugha yetu hii ya Kiswahili iliingia ndani ya nyumba zetu, na ikabaki. Misafara ilileta pia machozi mengi, na hayo babu zetu wametusimulia. Leo njia ileile inapitisha karanga, mchele, ndagala na sabuni, na wabebaji wengi ni mama.

Jambo moja tuliliona toka kijiji cha kwanza hadi cha mwisho: muhogo. Muhogo umelowekwa kijitoni, muhogo umeanikwa juu ya mabati, muhogo umeanikwa kandokando ya barabara, mbuzi anapita juu yake na vumbi la piki-piki linaufunika. Tulipita tukiutazama kwa macho ya kila siku. Siku ya kurudi tuliutazama kwa macho mengine.

Tulifika jua likizama. Tulipokewa kwa maji ya kuoga, bukari, sombe na ndagala. Waislamu walitoka kuswali magharibi, vijana wakawasha redio, na bonde la Luama lilikuwa limejaa ukungu. Mwenyeji wetu, mama muuguzi aliyestaafu, alitukataza kuzungumza kazi usiku. “Kesho mtaona. Leo mlale.”

Asubuhi tukakuta meza chini ya mwembe. Ni meza ya kawaida ya mbao, imefunikwa kitenge kilichofuliwa. Juu yake kuna chupa za kioo zilizokauka, chumvi, ungo, mizani ndogo, vikombe vya plastiki na daftari kubwa la mistari. Tulitazama kama kuna mashine, hakuna. Mama mmoja alituona tunatafuta kwa macho, akacheka: “Mashine ni sisi.”

Wanaanza na mahindi. Mama aliyeleta mahindi yake anamimina kiasi ndani ya chupa kavu, kama theluthi moja. Wanaongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri kwenye kikaango. Wanafunga, wanatikisa dakika moja, wanaiweka kimya robo saa. Chumvi ikianguka chini bila kushika kioo, mahindi yamekauka vya kutosha kutunzwa. Ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji zaidi ya sehemu 15 kwa 100, na yakifungwa kwenye gunia yataota ukungu. Yanarudi juani. Siku ile chupa tatu zilipita, moja ikanata. Mama mwenye nayo alichukua gunia lake bila ugomvi, akaanika palepale uani.

Baada ya mahindi, karanga. Hapo ndipo tuliona kazi yenye uchungu.

Karanga zinamwagwa kwenye ungo mchana kweupe, na mama wanne wanazichambua moja moja. Zilizoota ukungu, zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zote zinatolewa. Mama mmoja mjane alileta beseni zima. Alikuwa amezivuna mvua ikinyesha, akazirundika ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Walipochambua, walitupa, wakatupa, mpaka upande wa kutupwa ukawa mkubwa kuliko upande wa kubaki. Mama muuguzi akasema beseni lote lisiingie kwenye uji.

Mjane akanyamaza. Halafu akasema, “Dada zangu, nimezionja. Ni tamu. Nyingi hazina uchungu. Tukizikaanga sana, si ubaya utakwisha?” Mwingine akamsaidia: “Basi tuzikamue mafuta, au tuwape kuku.”

Mama muuguzi hakupaza sauti. Alieleza kwamba ukungu wa karanga na mahindi unaacha sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo haionekani, haina harufu, na moto wa jikoni haiui. Inaharibu ini. Ikiwa nyingi inaua kwa siku chache; ikiwa kidogo kidogo kila siku, inaleta saratani ya ini baada ya miaka. Sisi walimu tukaongeza tuliyosoma. Sumu hiyo ilijulikana kwa sababu ya mifugo: mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na walipotafuta sababu, wakaikuta kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Kwa hiyo kuku nao hapana. Na jirani zetu wa Kenya, mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yao wenyewe, yaliyotunzwa yakiwa na maji.

Kimya kikaingia chini ya mwembe. Beseni la karanga kwa mjane ni ada ya mtoto, ni sabuni, ni deni la mbegu. Kila mmoja wetu alijua hivyo. Ingekuwa rahisi kusema, “Safari hii tuache zipite.”

Mwenye likelemba wao akafungua daftari. Kikundi kina sheria: karanga au mahindi ya mwanachama yakikataliwa mezani, sanduku linamkopesha mbegu nyingine bila faida, na zamu yake ya likelemba inasogezwa mbele. Mjane alipata fedha yake siku ileile. Karanga zikafukiwa shimoni, mbali na kuku. Mjane mwenyewe ndiye aliyeshika jembe.

Usiku mama mshonaji alituambia, “Nimeelewa. Bila lile sanduku, meza ile ingekufa mwezi wa kwanza.” Ni kweli. Kupima si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kukubali jibu wakati jibu linakula chakula chako. Ukitaka mama aseme ukweli juu ya beseni lake, mtengenezee kwanza mahali pa kuangukia.

Tulipofika kwenye soja tulitaka kujificha. Tulieleza habari ya mpira na watoto saba. Walicheka hadi machozi, kisha wakatuuliza: “Soja mliikaanga mpaka wapi?” Tulisema tuliipitisha motoni kidogo tu, tuliogopa isiungue. Hilo ndilo kosa letu. Soja mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisisage chakula vizuri, na moto wa kutosha ndio unaokivunja. Wao wanaosha, wanakaanga polepole huku wakigeuza, mpaka maganda yanapasuka, punje inakuwa rangi ya dhahabu hadi ndani na harufu ya maharage mabichi inakwisha. Wanavunja punje kumi kwa meno, mbele ya watu. Moja ikiwa mbichi katikati, zote zinarudi kikaangoni.

Muhogo ulifuata. Mama wengine, mahindi yakiwa ghali, huongeza unga wa muhogo ili uji uwe mwingi. Kikundi hakiukatazi, ila kinauliza ulilowekwa siku ngapi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kuloweka siku tatu na kukausha vizuri ndiko kunakoitoa. Wakati wa njaa au wa biashara ya haraka, watu wanafupisha siku. Huko Kwango, upande mwingine wa nchi yetu, ugonjwa wa konzo umelemaza miguu ya watoto na mama wengi tangu zamani. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Na Uganda, wilaya ya Kasese, mwezi wa tisa mwaka 2017, watu 98 waliugua na wawili wakafa baada ya kula unga wa muhogo.

Kwa unga unaotiliwa mashaka kuna njia iliyotengenezwa na mtaalamu Bradbury wa Australia, ikatumiwa na mama wa vijiji vya Popokabaka, huko huko Kwango. Tieni unga kwenye sufuria, muweke alama mahali unapofikia. Ongezeni maji mkikoroga. Unga utashuka, halafu utapanda tena hadi kwenye alama. Utandazeni mwembamba juu ya mkeka, unene usipite upana wa kidole. Saa mbili juani, au saa tano kivulini, na sumu inaondoka na hewa. Kisha mpike bukari siku hiyohiyo. Mkeka tu, na saa mbili.

Mchana ikafika zamu ya ulimi. Hapo tulifurahi, maana watoto waliitwa.

Kuonja kwao kuna utaratibu. Uji unapikwa wa aina mbili, wa zamani na wa mchanganyiko mpya. Vikombe havina majina, vina namba tu, ili mtu asisifie uji wa shangazi yake. Kila mtu anapewa vikombe vitatu: viwili sawa, kimoja tofauti. Anaambiwa, tafuta kilicho tofauti. Anayebahatisha atapata mara moja kwa tatu, kwa hiyo jibu la mtu mmoja halina maana. Wakiwa waonjaji 12, mpaka 8 wapatie ndipo unaweza kusema tofauti inasikika kweli. Siku ile walipatia watano. Maana yake, kikundi kinaweza kupunguza sukari kama walivyotaka, na walaji hawatajua. Fedha imeokolewa, na meno ya watoto pia.

Watoto wadogo wasiojua kusoma wanaonyesha kwa nyuso. Tuliombwa sisi walimu tuchore ubaoni nyuso tano, kuanzia anayelia hadi anayecheka sana. Kila mtoto anakunywa, anasukutua kwa maji, anagusa uso mmoja. Mmoja wa miaka minne aligusa uso unaolia. Alipoulizwa kwa nini, akasema, “Umekwisha.”

Tulikuwa bado tunacheka alipofika mfanyabiashara. Alikuja na piki-piki na sanduku la makopo yenye picha ya mwanaume mwenye misuli. Alisema ni unga wa wanamichezo, unatoka mbali, na anataka kuuza kwa vijana wa mpira na kwa wachimba dhahabu wa upande wa Salamabila. Alikuwa amesikia habari za meza. Aliomba kikundi kionje, halafu kimwandikie karatasi kwamba unga ni mzuri kwa wanamichezo, kwa mama wajawazito na kwa watoto wachanga. Alitaja malipo. Yalikuwa zaidi ya beseni mbili za karanga.

Tuliona macho yakitazamana. Mjane yule alikuwa amekaa palepale.

Mama muuguzi akamjibu kwa heshima: “Baba, ulimi wetu unaweza kukuambia kama ni tamu, kama unaganda, kama watoto wataupenda. Hauwezi kukuambia kilichomo. Tukionja, tutaandika tumeonja. Hatutaandika zaidi.” Akamwelekeza kwa Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, ile tunayoiita OCC, iliyoundwa mwaka 1974 kwa kazi hiyo hasa, kupima bidhaa, maabara zake ziko kwenye miji mikubwa kama Kinshasa na Lubumbashi.

Yule baba alikasirika. “Hivi vitu vya Ulaya vimekwisha pimwa!”

Hapo ndipo sisi tuliingia, maana tulikuwa tumesoma. Wataalamu wa Cologne, Ujerumani, waliwahi kununua vyakula vya nyongeza vya wanamichezo 634 kutoka nchi 13, wakavipima, wakatoa matokeo mwaka 2004. Vitu 94 vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Karibu kimoja katika kila saba. Kwa sababu hiyo, leo kampuni nyingi za huko hulipa maabara huru zipime kila kundi la unga kabla ya kuuzwa, ili mchezaji asije akafungiwa kwa kitu alichokunywa bila kujua. Kumbe huko Ulaya nako wanaulizana swali lile la mama wa Kasongo: nani alikipima?

Akakubali kuonja tu. Waonjaji waliandika: “Tumeonja kopo moja. Ni tamu mno. Unaganda kwenye maji baridi. Hatujui kilichomo. Usipewe mtoto.” Wakatia tarehe na alama za vidole. Alilipa kidogo, bei ya kuonja. Karatasi aliikunja akaitia mfukoni. Kama aliitupa njiani, ni juu yake. Nakala imebaki daftarini.

Kwenye daftari hilo kila kundi la unga lina namba, siku, majina ya walioleta mazao, jibu la chupa, jibu la ungo, jibu la kikaango na jibu la vikombe. Namba ileile inaandikwa kwenye mfuko. Mama akirudi kulalamika, wanafungua ukurasa na kujua ni unga upi na nani mwingine aliununua. Chini ya kila mfuko wameandika: “Si kwa mtoto chini ya miezi 6. Huyo ni wa ziwa la mama peke yake.” Hawaandiki kwamba unaponya utapiamlo. Mtoto aliyevimba miguu au aliyekonda sana, wanampeleka kituo cha afya.

Nao hawajidai kwamba wanajua yote. Aflatoksini ndani ya karanga safi kwa macho hawawezi kuiona. Ungo unapunguza hatari, haumalizi. Ndiyo sababu wanaweka kando fedha kidogo kwa kila mfuko, ili siku moja watume sampuli maabara. Wanajua pia kwamba nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, na huko mahindi na unga vina kipimo cha sumu hii, sehemu 10 tu katika bilioni. Unga usiopimwa utaishia mpakani.

Tulirudi Kasongo siku ya tatu, matope yaleyale, madaraja yaleyale. Muhogo ulikuwa bado kando ya barabara. Kijiji kimoja tulisimama kwa sababu ya mvua, tukamuuliza bibi mmoja, wake umelowekwa siku ngapi. Alitutazama sana, akasema, “Siku tatu, wanangu. Nyinyi ni watu wa serikali?” Tukamwambia hapana, ni mama tu. Akatukaribisha ndani.

Sasa hapa kwetu, Jumamosi ijayo tunaweka meza yetu nyuma ya darasa la tatu. Kila kikundi kilete chupa ya kioo iliyokauka, chumvi kidogo, ungo na karanga za kuchambua. Anayejua kukaanga soja atufundishe, maana tumeshaonyesha kwamba sisi hatujui. Tunaomba pia tuzungumze kwanza habari ya sanduku, kabla ya chupa na kabla ya vikombe, kwa sababu siku moja beseni litakalokataliwa litakuwa la mmoja wetu.

Na yule mama aliyetuuliza mwaka jana, tulipita nyumbani kwake kabla hata ya kuoga. Tulimpa mfuko mmoja wa Kabambare. Hakusema asante mara moja. Aliugeuza, akatafuta namba, akaisoma kwa sauti, kisha akaenda kuwasha moto.